Mama wa Maabara Anajibu: mtoki, mjumbe na namba 87

Barua nne za mwezi huu zimeandikwa na watu wasiojuana: mwanafunzi, mfugaji wa kuku, mtu aliyeanza dawa, na mama mwenye kadi ya kliniki yenye pengo. Nilipozisoma pamoja hapa barazani kwangu Ujiji nikaona wote wanne wanagonga mlango mmoja: jinsi aina mbili za seli za kinga ya mwili, seli T na seli B, zinavyosaidiana hadi zipatikane kingamwili, yaani protini zinazomkamata kijidudu. Kwa hiyo barua nyingine nimeziweka kando hadi toleo lijalo. Kwa msomaji mgeni: nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo mkoani Kigoma, na sasa nimestaafu.

*Shikamoo Mama. Niko kidato cha sita, mchepuo wa sayansi. Tumefundishwa kwamba seli T saidizi huamsha seli B, ndipo seli B itengeneze kingamwili. Naweza kuliandika hilo kwa Kiingereza kwenye mtihani na nikapata maksi zangu, lakini kusema kweli silielewi. Inaiamshaje? Na kama seli B imeshamshika kijidudu mkononi, inangoja nini tena? – Mwanafunzi, Mwanga*

Marahaba mwanangu. Umeuliza mawili, na la pili ndilo zito. Nitalifikia, ila tuanzie kwenye mtoki.

Ukikaa mwaloni Kibirizi asubuhi mitumbwi ikirudi, utaona vijana wanaruka pekupeku kwenye maji ya kina kifupi. Mmoja akikanyaga kipande cha chupa, siku ya pili au ya tatu utamwona anachechemea, na ukimuuliza panapouma atashika kinena. Pana kitu kigumu pale, ukubwa wa kunde au zaidi, hakitaki kuguswa. Bibi yangu akiona mtoto anatembea hivyo alimkalisha chini, akaugeuza unyayo na kutafuta kidonda. Hakusoma hata darasa moja, lakini alijua mtoki hauji bure.

Mtoki ni tezi ya limfu iliyovimba. Tezi hizo zimepangwa kinenani, kwapani, shingoni na ndani ya tumbo, na majimaji yanayotoka kwenye nyama za mguu hupitia kinenani kabla ya kurudi kwenye damu. Seli T na seli B zinakaa humo, kila kundi na chumba chake, zikipokea habari kutoka mguuni. Tezi ikivimba ujue kikao kimeanza na wajumbe wanaongezeka.

Jambo moja lilinishangaza nilipokuwa mwanafunzi kama wewe. Chukua tone la damu, lipake kwenye slaidi, litie rangi, litazame kwa hadubini. Utaziona seli za limfu: za mviringo, kiini kikubwa cha zambarau iliyokolea, na ukingo mwembamba wa buluu kukizunguka. Ipi ni T na ipi ni B? Huwezi kusema. Mimi mwenyewe baada ya miaka 31 siwezi kusema kwa macho. Zinafanana kama punje mbili za mtama, na tofauti yao iko kwenye protini zilizojichomoza juu ya utando, ambazo rangi ya slaidi haizionyeshi.

Seli B imechomoza vipokezi vinavyoshika kitu kizima kizima, kama kilivyo, kwa umbo lake la nje. Seli T haiwezi hivyo. Mpe bakteria mzima hatamwona. Yeye anaona kipande kifupi tu cha protini iliyokwisha katwakatwa, tena lazima kiwe kimewekwa juu ya sahani maalumu na seli nyingine. Shika tofauti hiyo, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Sasa fuata kidonda. Chini ya ngozi ya unyayo kuna seli zenye matawi matawi, zinaitwa seli dendriti. Zinameza bakteria, zinaiacha ngozi, na kupanda na majimaji hadi kinenani. Zikifika huko zimeshamkatakata mgeni na kupanga vipande juu ya sahani zao. Seli T zinapita mbele yao, moja baada ya nyingine, zinaangalia na kwenda zao. Inayolingana na kipande kile ni adimu kweli, pengine moja katika laki moja au hata zaidi, lakini ikikipata inasimama, inajigawa, na ndani ya siku chache zimekuwa nyingi.

Wakati huohuo, chumba cha pili, bakteria au vipande vyake vimeletwa na yale majimaji. Seli B yenye kipokezi kinachofaa inamshika mgeni, inamvuta ndani, inamkata, na kuweka vipande vya protini yake juu ya sahani zake yenyewe. Kisha inatoka katikati ya chumba chake na kusogea mpakani. Seli T iliyokwisha fundishwa nayo inasogea mpakani hapo hapo. Hapo ndipo zinapokutana uso kwa uso.

Hapa Ujiji mtu akiuza kiwanja humwita mjumbe. Muuzaji anasema mpaka wangu unaishia kwenye ule mwembe. Mjumbe mwenye akili hatii sahihi kwa maneno. Anatembea mwenyewe hadi kwenye mwembe, kwa sababu mwembe ule anaujua tangu utotoni na hakuoneshwa na muuzaji. Seli T inafanya vivyo hivyo. Seli B inamwonesha kipande na seli T inakilinganisha na kile ilichooneshwa na seli dendriti siku kadhaa kabla. Vikiwa kimoja, basi watu wawili wasiopangiana maneno wameuona ushahidi mmoja.

Mara tu ikikitambua, seli T inachomoza juu ya utando wake protini ambayo kwa kawaida huwa haiko nje. Seli B yenyewe muda wote imebeba kishikio cha protini hiyo, kinaitwa CD40. Vikishikana, seli B inapata amri kutoka nje kwenda ndani. Juu ya hapo seli T inammiminia saitokini, yaani kemikali za kutumana, hasa interleukini ya 4 na ya 21, papo hapo zilipogusana. Huko ndiko kuamshwa unakokuuliza. Ni kugusana kwa dakika na saa, si ujumbe wa kurushwa hewani.

Umuhimu wa mshikano huo tunaujua kwa uchungu. Wapo watoto wa kiume wanaozaliwa na kasoro kwenye jeni ya ile protini ya seli T. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, na kasoro yake iligunduliwa mwaka 1993. Seli B zao ni nzima, seli T zao zipo, lakini mkono wa kushika haupo. Damu yao ina kingamwili za aina ya kwanza, IgM, wakati mwingine nyingi kupita kawaida, huku IgG na IgA zikikosekana karibu kabisa. Nimonia inawarudia tena na tena tangu wakiwa wachanga. Kinachowapungukia ni sahihi ya mjumbe peke yake.

Ile IgM ni kubwa, kama tano zilizofungwa pamoja, na hukaa zaidi ndani ya damu. IgG ni ndogo, inapenya kwenye nyama, na inavuka kondo la nyuma kumfikia mtoto tumboni. IgA ndiyo inayojaa kwenye maziwa ya kwanza ya mama, yale ya njano ambayo baadhi ya bibi zetu walikuwa wanayakamua na kuyamwaga, naomba tusiyamwage. Ili seli B ihame kutoka IgM kwenda aina hizo nyingine inahitaji msaada wa seli T.

Sasa swali lako zito: inangoja nini? Inangoja kwa sababu haiaminiki, na haiaminiki kwa sababu ya namna ilivyoumbwa. Kila seli B huzaliwa na kipokezi kilichounganishwa kwa bahati, kama mtu anayechonga funguo bila kuiona kufuli. Ndiyo maana tunaweza kumshika hata kijidudu ambacho babu zetu hawakukutana nacho. Lakini katika kuchonga huko zinapatikana pia funguo zinazofungua milango ya nyumbani: viungo vyetu wenyewe, damu yetu wenyewe, figo zetu. Nyingi huuawa mapema, ila zipo zinazopenya. Seli T zinapita shule nyingine kabisa, kwenye tezi ya thaimasi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kati, na kule zinazojishikiza kwa nguvu kwenye vitu vya mwili hufutwa. Ili kosa litokee lazima walinzi wawili waliosoma shule mbili wakosee juu ya kitu kilekile kwa wakati mmoja. Hutokea, ndipo tunaona maradhi ya mwili kujishambulia, lakini ni mara chache ukilinganisha na yale ambayo yangetokea kama seli B ingejiamulia.

Na msaada hauishii pale mpakani. Baadhi ya seli B zilizoamshwa zinageuka haraka na kuanza kumwaga kingamwili za mwanzo. Nyingine zinarudi ndani ya chumba chao na kuanza kazi ambayo mimi nikiifikiria hadi leo nasisimka. Zinajigawa kwa kasi, na katika kujigawa zinabadilisha kwa makusudi jeni za kipokezi chao, herufi moja hapa, moja pale. Wengi wanaharibikiwa. Wachache wanapata mshiko mkali zaidi. Anayeshika vizuri anachukua mgeni mwingi zaidi, anaonesha vipande vingi zaidi, anapata muda mrefu wa seli T. Anayeshika vibaya hana cha kuonesha, na asiposaidiwa anakufa. Mashindano hayo yanaendelea kwa wiki kadhaa ndani ya kitezi ambacho kijana wa Kibirizi ameshakisahau, kidonda kimeshapona na yuko ziwani.

Washindi wanagawanyika njia mbili. Wengine wanakuwa seli plazima, na hizi angalau nakuhakikishia utazitambua kwa hadubini: kiini kimesogea pembeni, kina mabaka kama saa ya ukutani, na ubavuni mwake pana sehemu iliyopauka. Seli moja inaweza kumwaga kingamwili takriban 2,000 kwa sekunde. Wengine wanabaki kuwa seli za kumbukumbu. Kwa hiyo mara ya kwanza mwili unachukua wiki moja au mbili kujipanga. Mara ya pili ni siku chache.

*Mama, nina kuku wa kienyeji na chotara. Vifaranga vilipatwa na gumboro, vingi vikapona. Nikavichanja mdondo kama kawaida. Mdondo ulipokuja vilikufa karibu vyote. Mwenye duka la dawa ananiambia nilichanja vibaya. – Mfugaji, Kasulu*

Pole sana ndugu yangu. Inawezekana chanjo ilipata joto njiani, lakini gumboro yenyewe inatosha kueleza.

Siku ukichinja kuku mchanga wa miezi miwili hivi, mgeuze na utazame juu kidogo ya tundu la nyuma, kwa ndani. Utaona kifuko kidogo cha mviringo, rangi ya maziwa. Kuku mkubwa hana, kimeshanyauka. Kinaitwa bursa ya Fabricius, kwa jina la Mwitalia aliyekieleza karne nne zilizopita bila kujua kazi yake. Mwaka 1956 Bruce Glick na Timothy Chang, huko Ohio, Marekani, walichapisha kwamba kuku waliotolewa kifuko hicho wakiwa wachanga hawatengenezi kingamwili. Herufi B ya seli B inatoka kwenye bursa hiyo ya kuku. Binadamu hatuna bursa. Seli zetu B zinakomaa kwenye uboho wa mifupa.

Virusi vya gumboro vinakwenda moja kwa moja kwenye kifuko hicho na kuziua seli B changa. Kifaranga anapona, anakula, anakimbia, lakini ukimpa chanjo ya mdondo hakuna wa kutosha wa kuipokea. Safari ijayo zungumza na afisa mifugo wa kata yako mpange chanjo ya gumboro pamoja na nyingine, kila moja kwa umri atakaokuambia.

Mwanafunzi wa Mwanga nawe soma hapa. Herufi T ni ya thaimasi. Jacques Miller aliitoa tezi hiyo kwa panya wachanga mwaka 1961 akaona kinga yao imeanguka. Mwaka 1968, Melbourne, yeye na Graham Mitchell waliwapa panya waliokosa kinga seli za thaimasi pamoja na seli za uboho. Zikiwa peke yake hazikufua dafu. Zikichanganywa, kingamwili zilikuja kwa wingi. Walipofuatilia alama za kurithi za seli zile wakakuta zinazotengeneza kingamwili ni za uboho. Za thaimasi hazikutengeneza hata moja, ila bila wao kazi haikwenda. Ndiyo maana zinaitwa saidizi.

*Dada, nimeanza dawa za kufubaza virusi mwezi wa pili. CD4 zangu ni 160. Nimeambiwa CD4 ni askari wa mwili na askari wangu wamepungua. Sasa, kama askari wamekufa, mbona kipimo cha kwanza kabisa kilisema damu yangu imeonesha kingamwili za virusi? Nani alizitengeneza? – Asiyetaka jina, Ujiji*

Kaka yangu, kabla ya kukujibu nina deni la kulipa.

Zamani kidogo, nikiwa kwenye kituo ambacho sitakitaja, nilimkabidhi mvuvi mmoja karatasi ya majibu ya CD4. Ilikuwa imeandikwa 87. Foleni ilikuwa imefika nje kwenye mwarobaini. Akaitazama, uso wake ukafunguka, akanishukuru kwa mikono miwili na kuondoka. Nilishughulika na tyubu iliyofuata. Baada ya kama saa moja ndipo ikanijia: mtu yule aliisoma 87 kama maksi za shuleni. 87 kwa 100. Alidhani amefaulu. Nilitoka mbio hadi getini sikumkuta. Alirudi baada ya wiki nyingi, akiwa amebebwa. Tangu siku hiyo sijawahi kumpa mtu namba bila kumwambia ni ya nini, na ndiyo sababu ya kukubali kuandika ukurasa huu.

Basi namba yako ni hii: ndani ya tone moja dogo la damu, ujazo wa kipande chenye milimita moja kila upande, zipo seli T saidizi 160. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi. Chini ya 200 ni mahali pa hatari. CD4 ni jina la protini iliyo juu ya utando wa seli hizo. Mashine inazihesabu kwa kutiwa kingamwili zenye rangi inayong'aa ambazo zinaikamata CD4, kisha seli zinapita moja moja mbele ya mwanga. Na virusi vya UKIMWI vinaitumia CD4 hiyo hiyo kama mlango wa kuingilia.

Neno askari limezoeleka kliniki na sitagombana nalo. Ila kwa swali lako linapotosha. Seli hii ndiyo yule mjumbe niliyemweleza mwanafunzi. Virusi vilipoingia mwilini mwako mara ya kwanza wajumbe walikuwa bado wengi. Walikutana na seli B, wakatia sahihi, kingamwili zikatengenezwa, na hizo ndizo zilizochora mstari wa pili kwenye kile kipimo cha kidole. Bahati mbaya kirusi hiki kinabadilisha koti lake haraka kuliko kingamwili zinavyoweza kukifuata. Zipo, mashine inaziona, lakini zinamkimbiza mtu aliyekwisha badili shati.

Halafu wajumbe wakipungua linatokea jambo ambalo watu hawalitarajii. Kingamwili kwenye damu hazipungui. Mara nyingi zinazidi kawaida. Seli B zinachokozwa na kupiga kelele ovyo, zikitoa kingamwili zisizolenga kitu. Akija mgeni mpya kabisa, hakuna mjumbe wa kuzipanga.

Hapa kwetu jambo hili lina historia isiyo ya binadamu peke yake. Kule Gombe, kaskazini ya mji wetu, sokwe wana kirusi cha ukoo mmoja na cha UKIMWI. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini hakiwadhuru. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionesha kwamba sokwe wa Gombe wenye kirusi hicho walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao, na waliopasuliwa baada ya kufa walikutwa seli zao za CD4 zimepungua sana. Sokwe hana dawa, kaka. Wewe unazo, zinatolewa bure.

Ukizimeza kila siku virusi vinakosa nafasi ya kuzaana, na seli T zinaanza kupanda. Mwanzo zinapanda haraka, halafu polepole, kwa miezi na hata miaka, na aliyeanzia chini huchelewa zaidi. Usihesabu kila wiki. Wakikupa septrini na dawa ya kuzuia kifua kikuu, meza, kwa sababu zinakulinda wakati wajumbe wako bado wachache. Na ukienda ziwani kwa siku nyingi, omba kliniki wakupe dawa za muda wote utakaokaa huko.

*Shikamoo Mama. Mwanangu alichomwa chanjo akiwa na wiki 6 na wiki 10. Ya wiki 14 hakuipata kwa sababu nilimfuata baba yake dagoni, kambi ya wavuvi, upande wa Kalya. Sasa ana miezi saba. Jirani anasema zile mbili zimeshaisha nguvu, lazima aanze moja, na mimi naona aibu kwenda kugombezwa. Na kwa nini sindano isiwe moja tu ikatosha? – Mama wa watoto wawili, Kibirizi*

Marahaba mwanangu. Haanzi upya. Anaendelea alipoishia. Jirani yako amekosea, na nitakueleza kwa nini.

Ndani ya ile sindano ya wiki 6 kuna kinga ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya B, na bakteria anayeitwa Hib ambaye anawaletea watoto nimonia na homa ya uti wa mgongo. Huyu wa mwisho ndiye mjanja. Amejifunika koti la sukari ndefu zilizofungamana. Seli B ya mtoto inaweza kuishika sukari hiyo. Lakini kumbuka sahani: kinachowekwa pale kwa ajili ya seli T ni kipande cha protini. Sukari haipandi sahani. Seli B inamleta mgeni mpakani na hana kitu cha kumwonesha mjumbe. Mtu mzima anaweza kujikongoja bila mjumbe akapata kingamwili kiasi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hawezi, na hao ndio Hib anaowaua.

Chanjo ya kwanza ya Hib iliyotoka Marekani mwaka 1985 ilikuwa sukari tupu, na kwa watoto wachanga haikufaa. Ndipo ikaja ile iliyobuniwa kwa akili: waliishona sukari ya Hib kwenye protini, kwa mfano ile ya sumu ya pepopunda iliyokwisha ondolewa makali. Kufikia mwaka 1990 ilikuwa imeruhusiwa kwa watoto wachanga. Seli B inashika sukari, inavuta na protini iliyoshonwa nayo, inaikata, inapandisha kipande cha protini juu ya sahani. Seli T inakitambua na kutia sahihi. Seli B inaamshwa, na kingamwili inazotengeneza ni za sukari, za Hib. Mjumbe ametia sahihi kwa sababu ya mwembe, shamba lililouzwa ni lingine lililoungana nao. Chanjo ya nimonia anayochomwa paja la pili imetengenezwa kwa njia hiyo hiyo.

Kuhusu sindano tatu: ya kwanza inawakutanisha. Kisha yanafuata yale mashindano ya wiki kadhaa niliyoyaeleza juu, na mwishoni zinabaki seli za kumbukumbu. Ya pili inazikuta hizo, inazirudisha kwenye mashindano, zinatoka zikishika vizuri zaidi. Ya tatu vivyo hivyo. Kwa hiyo wiki nne kati ya sindano na sindano si kwa ajili ya ratiba ya manesi. Ni muda wa kazi hiyo. Ukichelewa, seli zilizobaki za mwanao haziondoki, zimetulia kwenye tezi na kwenye uboho wake zikisubiri. Hatari ya kuchelewa ni kwamba miezi yote hii amekaa na kinga nusu.

Mpeleke wiki hii, na usione aibu. Waambie ukweli kwamba ulikuwa dagoni. Watu wa kliniki za ziwani wanajua mbalamwezi na giza vinavyohamisha familia. Uliza pia chanjo nyingine za wiki 14 ulizoruka, na miezi tisa ikitimia umrudishe kwa surua na rubela.

Umeandika chini ya barua kwamba kadi ililowa kwenye boti. Nenda nayo hivyo hivyo. Mama mmoja aliwahi kuja na kadi aliyoianika juu ya kichanja pamoja na dagaa. Ilikuwa imekunjamana na kunata magamba, tukaifungua taratibu kwa vidole juu ya meza, na tarehe zote mbili zilisomeka. Mtoto alichomwa siku ile ile.